Nafasi Arobaini na Nne

“Fungua.”

Nikavuta mkono wa mashine, rangi ikaanza kutoka.

“Funga.”

Nikausukuma, ikakatika. Mita tatu rangi, mita sita lami tupu, kisha tena. Kaka yangu alitembea kinyumenyume mbele yangu, akigusa kila alama ya chaki kwa ncha ya fimbo, nami nilikuwa nyuma ya mashine, macho kwenye kidole cha chuma kinachofuata uzi. Ukisukuma mashine ya mistari huinui kichwa. Rangi ni ya moto, inatoka nzito kama uji. Ukikawia inafura, ukiharakisha inachanika. Nyuma yake zinamwagika chengachenga za kioo kabla haijaganda, na ndizo zinazoufanya mstari uwake dereva akiumulika.

“Fungua. Hicho cha mwisho. Funga! Haya, pumzisha mgongo, mdogo wangu.”

“Vipande arobaini na tano,” nilisema. “Nafasi arobaini na nne.”

“Nani amekuuliza?”

Hakuna aliyeniuliza. Mimi huhesabu tu. Kaka hahesabu, ana jicho, na kwa jicho hilo amenyoosha mistari miaka ishirini na mbili. Kazi hii alinifundisha yeye. Mengine niliyapata kwenye kijitabu cha shule ya udereva nilichokuta kwenye pikapu, nikakisoma mpaka jalada likatoka, ingawa gari lenyewe sijui kuendesha.

Nikanyoosha mgongo, nikainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu kileleni.

Mbele ya mashine, hatua sita hivi, ulianza mstari tuliochora wiki iliyopita. Ulikuwa mzima. Haukukatika mahali popote mpaka macho yalipoishia. Na mimi nilikuwa nimeuletea, kwa mita mia nne za kilima na kona, mstari uliokatikakatika.

“Kaka,” nilisema. “Njoo usimame hapa.”

Inafaa nieleze barabara yenyewe. Pale kilimani ina njia tatu. Mbili ni za wanaopanda, moja ya wanaoshuka, na kila mtu anakaa kushoto kwake. Malori yanayopanda yanajikokota njia ya kushoto, magari mepesi yanayapita kwa njia ya kati. Kwa hiyo mstari ulio kati ya njia hizo mbili za kupanda hukatika, ili wavuke. Ule unaowatenga na wanaoshuka huwa mzima, na mstari mzima ni ukuta. Anayeshuka haruhusiwi kuingia njia ya kati hata kama aliye mbele yake anatembea kama bibi harusi, kwa sababu kwenye kona ile haoni anayekuja.

Sisi huchora tukipanda. Tuna msemo wetu wa kazi, kaka huuimba asubuhi tukishusha vifaa: kushoto katakata, kulia nyoosha. Siku hiyo klachi ya lori la jiko, lile lenye pipa la kuchemshia rangi, haikutaka kupanda na pipa lililojaa. Likazungushwa likaja kwa upande wa pili, tukaanza kazi juu, tukashuka. Msemo tukashuka nao vilevile. Asubuhi tuliunyoosha wa kulia kwetu, mchana tukaukata wa kushoto kwetu. Lakini kushoto kwa anayeshuka ni kulia kwa anayepanda. Asubuhi tungeweza kulistukia kosa pale mistari inapoungana, ila lori la jiko lilikuwa limeegeshwa juu ya mahali penyewe, tukasema tutaunga jioni.

Kaka alisimama nilipomwonyesha. Akaangalia mstari wa wiki iliyopita, akaangalia wetu.

“Wa wiki iliyopita umekosewa,” alisema.

“Wa wiki iliyopita injinia aliukagua.”

“Basi amekosea injinia.”

“Geuka uangalie juu, kaka. Jifanye unapanda.”

Aligeuka. Akanyoosha mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, kama mtu anayepimiwa koti. Midomo yake ilitembea bila sauti. Nilijua anaimba ule msemo, na nilijua amefika wapi aliponyamaza.

Njia ya kati tulikuwa tumewapa wanaoshuka. Chini yetu, kwenye kipande cha wiki iliyopita, ilikuwa bado ya wanaopanda. Watu wangeingia humo kwa mwendo kutoka pande zote mbili, kila mmoja kwa haki yake, wakutane kwenye kona.

“Nani ameona?” aliuliza.

“Mimi na wewe.”

“Mpishi?”

Mpishi ndiye mchemsha rangi wetu, mtu mnene mwenye nyusi zilizoungua. Alikuwa juu ya lori akikoroga pipa kwa mti mrefu. “Mpishi anaona pipa lake tu,” nilisema.

Kaka akatazama saa. Saa tisa na dakika arobaini. Barabara ilikuwa imefungwa tangu asubuhi, na saa kumi na moja jioni ilikuwa lazima ifunguliwe.

“Sikiliza. Inafunguliwa kama ilivyopangwa. Kesho kabla ya jua tunakuja na mashine ya kukwangua, tunafuta, tunachora upya. Nani atajua?”

“Na leo?”

“Leo madereva wanajua njia yao. Wamepita hapa miaka.”

“Kaka...”

“Kosa moja haliachi mke, mdogo wangu. Lakini mimi nina la pili.”

La kwanza ulikuwa mshale kwenye mzunguko wa mjini, tuliochora ukielekeza watu waingie upande wanakotokea wenzao. Uliishi nusu saa tu kabla ya kufutwa, ila kaka aliitwa Mshale mwaka mzima, hata na watoto wa dada yetu. Injinia alimwambia mbele ya watu wote: likitokea lingine, fimbo hiyo utaiweka chini. Sikumlaumu kwa kuogopa. Mtu aliyechekwa sana hujifunza kuficha hata kikohozi.

“Mimi naenda juu kwa afande wa trafiki kumwambia tumemaliza,” alisema, akaelekea kwenye pikapu.

Niliingia upande wa pili kabla hajaondoka. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu asifike peke yake.

Aliwasha, akaanza kupanda. Mbele yetu lori la jiko lilikuwa limesimama njia ya kushoto, kwa hiyo akatoka kulipita kwa njia ya kati, palepale mstari wa wiki iliyopita unaporuhusu. Hakurudi kushoto. Hapakuwa na gari barabarani, na mtu aliyekasirika hupenda nafasi.

“Unaniona mjinga,” alisema.

“Sijasema hivyo.”

“Hujasema, ila unanyamaza kwa nguvu. Nimekwambia, hawa watu hawaangalii hata mistari. Dereva gani wa hapa umewahi kumwona anafuata...”

Gari dogo jeupe likatokea kwenye kona, ndani ya njia yetu, likitutazama usoni.

Kaka alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pikapu ikageuka ubavu kidogo, koni za nyuma zikarukaruka, mkono wangu ukagonga dashibodi. Gari lile nalo lilipiga kelele za matairi, likapiga chafya, likazima. Kati ya bampa na bampa ungeweza kupitisha sufuria, si zaidi.

Harufu ya mpira ilituingia.

Kisha mlango wa gari jeupe ukafunguliwa, akashuka mama wa makamo, sare ya zahanati, miwani imeteleza hadi puani. Alikuwa mkunga. Tulikuja kujua baadaye kwamba amemwomba afande ampitishe mapema, kuna mzazi anamsubiri chini. Alikuja hadi dirishani kwa kaka, taratibu, akiwa ameshika mkoba kifuani.

“Baba, unakwenda wapi kwenye njia hii?”

“Mama, hii ni njia ya kupanda.”

“Ya kupanda?” Alinyoosha kidole chini. “Angalia mstari. Umekatika upande wangu. Njia yangu imezibwa na kile kigari chenu cha mchanga. Nimewasha taa, nimetazama kioo, nimevuka. Kuna kingine nilichosahau? Niambie, maana mimi nina miaka kumi na tisa na leseni hii, sijawahi hata kukwaruza jogoo.”

Kaka alizima injini.

“Nimefuata mstari wenu,” alisema mama yule.

Alimwangalia kaka kidogo zaidi, kama anayesubiri mgonjwa aseme panapouma. Kisha akarudi kwenye gari lake. Nikashuka, nikaondoa kigari cha mchanga tulichokuwa tumekiacha kwenye njia ya kushuka, nikamwongoza hadi chini kwa mkono.

Niliporudi, kaka alikuwa amekaa juu ya kingo ya barabara, kofia magotini.

“Alikuwa anakwenda pole pole yule,” alisema.

“Ndiyo.”

“Na sisi pia.”

“Ndiyo, kaka.”

Akavaa kofia. “Hesabu zako zinasemaje?”

Nilikuwa nimeshazipiga nikirudi. Kuufuta mstari ule mwingine, uliokuwa mzima mahali pasipotakiwa, isingewezekana leo: mashine ya kukwangua ilikuwa mjini. Lakini uliokatika tungeweza kuuziba. Nafasi arobaini na nne za mita sita, mita mia mbili sitini na nne. Tukizijaza, mistari yote miwili ingekuwa mizima, njia ya kati ikabaki kama chumba kilichofungwa, hana ruhusa wa juu wala wa chini. Foleni ingekuwa ndefu na matusi mengi, ila hakuna ambaye angekutana na mwenzake.

“Rangi?”

“Pipani mifuko mitatu. Kwenye lori miwili, mikavu. Mfuko mmoja ni mita hamsini.”

“Mia mbili hamsini. Haitoshi.”

“Inapungua nafasi mbili na kitu. Tukianzia kileleni, tukapita kona, zitakazobaki zitakuwa huku chini panaponyooka, mtu anaona mbali. Hapo tunaweka koni.”

Alisimama, akapangusa suruali, akaenda kwa afande kwa miguu. Nilimfuata nyuma kidogo.

Afande alikuwa mwanamke mrefu mwenye redio begani, na nyuma yake foleni ilikuwa imepinda mpaka haionekani mwisho. Madereva wa malori walikuwa wamelala chini ya matela. Basi moja lilikuwa mbele kabisa, na kondakta wake ananing'inia mlangoni.

“Mmemaliza?” aliuliza afande. “Maana ile njia ya zamani wanayozungukia imeshameza lori moja, na mawingu unayaona. Mvua ikinyesha hawa wote hawana pa kwenda. Saa kumi na moja nafungua, hata mkiwa mmelala katikati.”

“Afande,” kaka alisema. Akasogea karibu naye. “Afande, tumekosea. Nimekosea mimi. Njia ya kati nimeielekeza kusiko.”

Afande alimtazama. Kondakta, aliyekuwa akisikiliza, akapiga mbinja. “Huyu si ndiye Mshale huyu?”

Watu wakacheka. Shingo ya kaka ilijaa mishipa, lakini hakugeuka. Akaeleza kwa mikono, kushoto na kulia, mpaka afande akaacha kutafuna peremende yake.

“Kwa hiyo yule mkunga niliyempitisha...”

“Tumekutana naye.”

Afande alivua kofia, akaivaa tena. “Saa kumi na moja na nusu. Siwezi zaidi ya hapo. Naomba usije ukaniambia saa kumi na mbili.”

Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

Mpishi alipoambiwa hakuuliza ni kosa la nani. Aliimimina rangi ya pipani kwenye tangi la mashine, akachana ile mifuko miwili, akaitupa pipani, akafungua gesi mpaka moto ukanguruma. “Dakika arobaini na tano hii iyeyuke,” alisema. “Ningepika hivi nyumbani, mke wangu angenirudisha kwa mama. Lakini kwa nini tusiliweke tu lori langu kule chini kwenye njia ya kati, tuwazuie wanaopanda?”

“Na anayeshuka kwa kasi akitoka kwenye kona akalikuta?” alisema kaka.

Mpishi akafikiri. “Basi nakoroga.”

Pipa likiwa halijajaa, lori lilikubali kupanda; tukateremsha mashine kileleni, tukaanza na ile rangi iliyokuwepo. Kazi ilikuwa imegeuka. Palipokuwa na fungua sasa ilikuwa funga, na mikono yangu, iliyozoea kwa siku nzima, ilitaka kurudi kwenye desturi yake. Nafasi ya tatu nilifungua mapema nikapandisha rangi juu ya rangi, ikatoka nundu.

“Usiangalie alama,” kaka alisema. “Niangalie mimi.”

Hajawahi kuniambia hivyo kabla. Alikuwa akitembea kinyumenyume kwenye mteremko, na badala ya fimbo aliinamisha mkono hadi chini, kiganja wazi, anakifumba nafasi inapokwisha. Nikafuata kiganja. Nane. Tisa. Kumi na tano. Tulipoingia kwenye kona nilisikia honi za foleni juu yetu, si moja wala mbili, zote.

Ya ishirini na tano rangi ya zamani ikaisha. Tulisimama pale, kona bado nusu iko wazi, tukisubiri mifuko miwili ya Mpishi iyeyuke. Saa kumi na moja kasoro kumi na tano. Nilichungulia pipani, niliona mabonge yakizunguka bado.

“Mimina tu,” kaka alisema.

“Ikitoka na mabonge itaziba bomba,” alisema Mpishi. “Halafu utachora kwa ulimi?”

Tulisubiri dakika kumi na moja. Sijawahi kukaa bila kazi kwa uchungu namna ile. Kaka alihesabu kitu kwenye vidole. Nadhani alikuwa akihesabu nafasi, yeye asiyehesabu.

Tukaendelea. Ishirini na nane, thelathini, thelathini na tatu. Kona ikabaki nyuma. Ya thelathini na nne tone likanidondokea shingoni. La pili likaanguka juu ya mstari wenye moto, likachemka.

Rangi haishiki lami iliyolowa. Inaganda juu juu, gurudumu la kwanza linaibandua kama ukoko wa uji. Mpishi aliruka kutoka kwenye lori na mtungi mdogo wa gesi, akatangulia mbele ya kaka akikausha lami kwa mwali, huku amejifunika turubai kichwani kama kobe. Kaka akashika ncha moja ya turubai, mimi nikasukuma chini yake, nikiwa nimeinama, jasho na maji vikichanganyika machoni.

“Thelathini na tisa,” nilisema.

“Sema tu kwa sauti,” alisema kaka.

“Arobaini!”

“Tena.”

“Arobaini na moja!”

Katikati ya nafasi ya arobaini na mbili mashine ikakohoa, ikatema uzi mwembamba, ikanyamaza. Mpishi aligeuza pipa, akaligonga kwa mti. Hakuna kitu.

Zilibaki nafasi mbili na nusu. Saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili.

Koni tulikuwa nazo thelathini. Nane tulizipanga kwenye zile nafasi, zilizobaki tukazipanga mshazari pale chini, kuwarudisha kushoto wale wanaopanda kabla hawajafika kwenye kilima. Mvua haikuongezeka, ila haikuacha. Kaka alitoa simu, akaifuta kwenye shati, akampigia injinia palepale, mbele ya Mpishi na mimi, bila kwenda kando.

Alisema yote, tangu klachi hadi mkunga. Kisha akasikiliza muda mrefu.

“Ndiyo,” alisema. “Ndiyo, mimi. Hapana, yeye alisukuma tu, mistari niliipanga mimi.” Akasikiliza tena. “Nitakuwepo.”

Akarudisha simu mfukoni.

“Amesemaje?” aliuliza Mpishi.

“Kesho saa mbili atakuwa hapa. Ameniambia nije na fimbo.”

Hatukujua kama ni ya kuchorea au ya kukabidhi.

Afande alifungua. Kwanza likapanda lori la mbao kutoka chini, polepole, likitoa moshi mweusi, na nyuma yake magari kumi na tano yakabanana kwenye njia moja, yakipiga honi kama harusi. Kutoka juu likashuka lile basi. Kondakta alitoa kiwiliwili kizima dirishani.

“Enyi wachoraji! Njia nzuri hiyo mmeifunga, mnataka kuianikia mahindi?”

“Shuka uje ukae juu yake wewe!” Mpishi alimjibu, na kondakta akacheka mpaka akapotea.

Nyuma ya basi lilikuja gari dogo jekundu lenye haraka. Tuliliona likitoka kwenye kona, pua likiichungulisha kulia kutafuta nafasi ya kulipita basi. Gurudumu la mbele lilifika hadi kwenye mstari. Kaka alishika mkono wangu juu ya kiwiko, palepale palipogonga dashibodi, nami sikumwambia kwamba panauma. Gari likatembea hivyo, gurudumu ubavuni mwa rangi, labda mita thelathini. Pua ikainama kwa breki. Likarudi nyuma ya basi, likatulia, likashuka na wengine.

Kaka aliniachia.

“Mita mia nne za kukwangua,” alisema. “Na nafasi zako mbili na nusu.”

“Na kuunganisha na wa wiki iliyopita. Kisha tuchore uliokatika upya, mahali pake.”

“Tuanze saa ngapi?”

“Kumi na mbili na nusu, lami ikiwa imekauka. Saa mbili akute tumefika mbali.”

Nikachukua chaki, nikavuka wakati foleni ilipopungua, nikaandika msalaba mkubwa mwanzo wa ule mstari wa kufuta, na mshale wa kuelekea juu kando yake, ili asubuhi asiwepo wa kuuliza tunaanzia wapi. Mvua ilianza kuula msalaba papo hapo. Nikauandika tena kwenye kingo ya saruji, upande uliokingwa. Mpishi alikuwa akinipigia kelele nije nisafishe bomba la mashine kabla rangi haijagandia ndani, lakini ilikuwa imeshaganda, na tuliifunika hivyohivyo kwa turubai.